Msusi Mwenye Mba

Ukifika Ilongero ukaulizia nyumba ya msusi, hakuna atakayekuuliza msusi yupi. Utaonyeshwa kibanda cha bati la bluu kilichoegemea mashine ya kukamua alizeti, na humo ndani, kama si Jumapili, utamkuta Emiliana amekaa kwenye kiti chake, mteja ameketi mkekani katikati ya magoti yake, vidole vinakwenda na mdomo unakwenda. Huyu mama hana dogo. Ukilalamika kwamba msuko umebana atakuambia msuko uko sawa, ni kichwa chako kilichonenepa. Ukimwambia harakisha, ataenda polepole makusudi. Na bado watu walikuja, wengine kutoka mjini Singida kwa bodaboda, wakapanga foleni kwenye benchi lake huku wakila vumbi la barabarani.

Kilichowaleta, pamoja na vidole, ni mafuta. Ile mashine ya jirani ni ya kaka yake, Mathayo. Kila asubuhi mafuta ya kwanza yalipotoka, bado yana uvuguvugu na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, Emiliana aliingia na kikombe chake cha bati akachota kabla ya mteja yeyote. Kisha kila alipochana njia kwenye kichwa cha mtu, alichovya vidole vitatu akapaka njia hiyo toka usoni hadi kisogoni, akasugua mpaka ngozi ing'ae. Mtu akisema, "Dada, mimi kichwa kinaniwasha, natoa mba," Emiliana alimjibu bila hata kuinama kutazama: "Kichwa chako kikavu. Kinadai mafuta." Akachovya tena. Msuko wa Ilongero ulijulikana kwa harufu hiyo hata ndani ya kanisa, na wasusi wengine wakaiga.

Upande wa pili wa kichwa alikaa Rebeka. Walisuka wawili kwa kichwa kimoja, Emiliana kulia, Rebeka kushoto, wakakutana katikati. Rebeka alikuwa mtu wa maneno machache, jambo lililomfaa sana Emiliana maana maneno ya wote wawili aliyasema yeye. Na Rebeka alikuwa na siri ambayo pale Ilongero aliijua Emiliana peke yake: kila jioni alikunywa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, miaka na miaka sasa, na alikuwa na afya kuliko nusu ya waliokaa kwenye lile benchi. Emiliana aliitunza siri hiyo. Mdomo wote ule, na hapo haukuwahi kuteleza hata mara moja.

Basi kipupwe cha mwaka huo kilikuja kikali. Upepo wa Singida mwezi wa sita unaujua mwenyewe kama umewahi kuamka mapema. Unachuna midomo, unachuna visigino. Emiliana alianza kuwashwa nyuma ya masikio. Halafu kichwa kizima. Halafu magamba, tena si ule unga mweupe wa kawaida, bali magamba ya manjano yenye mafuta mafuta, yameng'ang'ania ngozi, na ukiyakwangua unaacha wekundu chini yake. Akafanya alichowafanyia wengine maisha yake yote. Akachovya kikombe. Asubuhi akapaka, jioni akapaka, akafunga kilemba juu yake ili mafuta yaingie vizuri. Alipoona magamba yamelala akajisifu. Baada ya siku chache yakaamka mengi kuliko mwanzo, yakashuka kwenye nyusi na pembeni mwa pua.

Hapo akaenda duka la dawa akanunua krimu moja kali ambayo watu huinunua kujichubulia. Uso ukatulia haraka, naye akatamba nayo mtaa mzima. Alipoiacha, uso ukamgeuka: wekundu, ukawa unachoma, ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kichwani ndiko kusikotazamika. Alikuwa anajikuna kwa mkia wa kitana kilemba kikiwa palepale, akidhani hakuna anayemwona.

Walimwona. Siku moja gamba lilidondoka toka kwenye nyusi zake likatua begani kwa mteja, na mteja yule akanyamaza mpaka msuko ukaisha, akalipa, akaenda zake. Kufikia jioni maneno yalikuwa yamefika kisimani. Wa kwanza walisema ni mapunye, na kwamba kitana chake kitawamaliza watoto. Wa pili wakaona mapunye ni madogo, wakasema ni ngoma, Ukimwi wenyewe. Mtazame uso, wakasema. Mtazame anavyofunga kichwa. Na mume amekufa, alikufa na nini? Mume wa Emiliana alikufa kwa kuangukiwa na mti, nusu ya waliosema hayo walikuwepo kwenye mazishi na mti waliuona. Lakini umbea ukishapata mbio huwezi kuusimamisha kwa mti.

Mkeka ukaanza kupungukiwa na watu, na hilo halikumtisha Emiliana. Lililomtisha lilikuwa moja. Mwezi wa nane, baada ya mavuno, Jenipher alikuwa anaolewa. Jenipher ni binti wa Kristina, na Kristina ni yule mwanamke ambaye akivaa kitenge cha aina fulani Jumapili hii, Jumapili ijayo utakiona kwa wengine wote. Kristina alishamwahidi Emiliana kichwa cha bibi harusi tangu mwaka uliopita, mbele ya watu. Anayemsuka bibi harusi wa nyumba kama ile anapata maharusi wa msimu mzima. Na anayenyang'anywa kichwa hicho, tena mbele ya watu hao hao, afunge tu kibanda auze karanga. Hilo kila mtu alilijua na Emiliana alilijua kuliko wote.

"Dada, twende mjini hospitali," Rebeka akamwambia, wakiwa wawili tu na mkeka mtupu.

"Nikafanye nini? Vichwa nimevishika miaka ishirini na kitu. Nani wa kunifundisha kichwa?"

"Kusuka unajua," Rebeka akasema. "Kuugua hujui."

Emiliana alimkazia macho. Kwa mwaka mzima Rebeka alikuwa hajasema sentensi mbili zilizofuatana namna ile. Kesho yake wakapanda bodaboda, Emiliana mbele, Rebeka nyuma, kilemba kimefungwa mara mbili kwa ajili ya upepo.

Daktari wa ngozi aliitwa Sixbert, kijana mwenye sauti ya taratibu ambaye alimwamkia Emiliana shikamoo kabla ya kumwomba afungue kichwa. Alitazama kichwani, nyuma ya masikio, kwenye nyusi, pembeni mwa pua, kisha akauliza kama kifuani pia kunawasha. Kulikuwa kunawasha. Hilo Emiliana hakuwa amemwambia mtu.

"Unapaka nini, mama?"

"Mafuta ya alizeti. Masafi, ya kwetu, hayajachanganywa na kitu."

"Kiasi gani?"

Emiliana akafungua mdomo, Rebeka akamwahi. "Mpaka yanachuruzika."

Daktari akacheka, na Emiliana akakasirika, na daktari akaomba radhi, halafu akavuta kiti akakaa karibu naye. Akamweleza kwamba huu ni mba, ila ni mba mkali wa ngozi, ule ambao wao madaktari wanauita seborea. Kwenye ngozi ya kila mtu, akasema, ya kwangu na ya kwako, vinaishi vijidudu vya fangasi vidogo mno, jamaa wa hamira ya maandazi. Vinakaa pale ngozi inapotoa mafuta yake yenyewe: kichwani, kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio, katikati ya kifua. Chakula chao ni mafuta hayo. Kwa watu wengi vinakula vikanyamaza. Kwa wengine mwili unavikasirikia, na hapo ngozi inavimba, inawasha, inajichuna. Baridi kavu huchochea, na mawazo, na kukosa usingizi. Si uchafu. Hauambukizi kwa kitana wala kwa mto wa kulalia.

"Sasa wewe," akamalizia, "vijidudu vina njaa, wewe unavipelekea chakula asubuhi na jioni, tena unavifunika kwa kilemba visipigwe na upepo."

"Lakini nikipaka magamba yanalala!"

"Yanalala kwa sababu yamelowa, mama. Chini yake karamu inaendelea."

Emiliana hakuwa anawaza kichwa chake. Alikuwa anawaona mmoja mmoja wale wote walioketi mkekani wakasema wanawashwa, naye akawajibu kichwa kinadai akachovya tena. Alijisikia vibaya, akajisikia vibaya zaidi alipowakumbuka kwa majina.

Daktari akampa dawa ya kuoshea nywele yenye ketokonazo. Aipake mpaka kwenye ngozi, aiache dakika tano ndipo aisuuze, mara moja au mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, na baada ya hapo mara moja moja kuuzuia usirudi. Kwa sababu utarudi, akasema wazi. Huu ni ugonjwa wa kudhibiti, si wa kung'oa. Usoni alimpa krimu ya fangasi, na nyingine laini ya kutuliza wekundu, hiyo kwa siku chache tu. Ile ya duka la dawa aitupe. Mafuta kichwani basi. Kisha akamwomba Rebeka asubiri nje kwenye benchi.

"Na jambo moja la mwisho, mama. Mba huu unaweza kumpata yeyote, na wengi walio nao hawana tatizo lingine. Lakini unapokuwa mkali hivi na umekuja ghafla, tunashauri mtu apime virusi vya Ukimwi, maana kinga ikishuka nao huchachamaa. Uamuzi ni wako."

Emiliana akafikiria kisima cha Ilongero na midomo yote ya pale. Kisha akafikiri kwamba nje kwenye benchi kuna mtu aliyewahi kuingia chumba hicho hicho na kutoka na jibu gumu, na mtu huyo asubuhi amekunywa uji, amechana nywele, amempandisha yeye bodaboda. Akanyoosha mkono. "Chukua damu," akasema.

Majibu yakatoka: hakuwa nayo ngoma.

Alitoka pale akiwa mwepesi, anataka kupiga vigelegele. Kichwani alishapanga namna atakavyosimama katikati ya gulio la Ilongero atangaze kwa sauti yote aliyopewa na Mungu: mimi sina, mmesikia, sina! Halafu akamwona Rebeka. Rebeka alimtazama usoni akajua.

"Nimefurahi, dada," Rebeka akasema, na alifurahi kweli, macho yalikuwa yanang'aa.

Emiliana akayapima upya yale maneno ya gulioni. Kama kujisafisha kwake ni kusema mimi sina, basi mwenye nayo ni mchafu, asiguse kichwa cha mtu. Na mikono ile ya upande wa kushoto, iliyomshonea mume wa Emiliana sanda, iliyosuka nusu ya kila kichwa kilichomlipia mahindi, angeitangaza ni ya nani? Walipofika barabara ya Ilongero alikuwa ameshaamua kwamba jibu lile halitoki mdomoni mwake, liwalo na liwe. Ukijua Emiliana alivyo na mdomo, utajua alichojitwika.

Alichofanya ni kuvua kilemba. Alikata nywele zake mwenyewe zikabaki fupi kama za mwanafunzi, akaketi mlangoni kichwa wazi, magamba na yote, kila apitaye aone. Siku za kuosha alioshea hapo hapo nje, povu limesimama kichwani kama kofia huku anasubiri dakika zake tano na kuwaamkia wapita njia. Aliyeuliza alielezwa kuhusu vijidudu na karamu yao mpaka akajuta kuuliza. Wateja wachache waliobaki akawaambia leo hatupaki mafuta. Kulikuwa na kelele. Mmoja aliondoka kichwa kikiwa kimechanwa nusu. Mathayo alipoona kikombe cha bati kinakaa kikavu akamwambia dada yake anamharibia jina la mashine, naye akamjibu mafuta yake ni mazuri sana, ayapeleke kwenye sufuria.

Wiki zikapita. Kwanza muwasho ukapungua, akaanza kulala. Kisha nyusi zikasafika. Kufikia mwezi wa nane kichwa chake kilikuwa kimetulia, kumebaki unga kidogo nyuma ya sikio moja ambao alikuwa ameshauzoea. Kibanda kilianza kupata watu watatu, wanne. Bado watu walikuwa wanasubiri kuona kichwa cha Jenipher kitakwenda wapi.

Kristina alikuja siku ya Jumatano, harusi ikiwa Jumamosi. Alikuja na binti yake, amevaa kitenge kipya na kilemba kirefu cha kupanda juu, akasimama mlangoni bila kuingia. Benchini walikuwepo watu.

"Karibu, Mama Jenipher," Emiliana akasema.

"Asante, nimesimama tu. Nimekuja kumwomba Rebeka aje nyumbani amsuke binti. Wewe dada upumzike kidogo, umeugua."

Jenipher alitazama chini.

"Nimepona," Emiliana akasema. "Kichwa hiki hapa, njoo ukitazame."

"Hicho nakiona." Kristina akakaza sauti. "Hospitali walikupima?"

"Walinipima."

"Wakasemaje?"

Emiliana aliliona neno lile limekaa kwenye ulimi wake, fupi, tayari. Lingemaliza kila kitu pale pale. Bibi harusi angeketi mkekani, benchi lingejaa mpaka Krismasi. Pembeni yake alisikia vidole vya Rebeka vimesimama kwenye kichwa cha mteja.

"Majibu ni yangu, Mama Jenipher. Sikupi. Ningekuwa nayo au nisingekuwa nayo, vidole vyangu ni hivi hivi, na mtu haambukizwi kwa kusukwa. Unanitaka nimsuke mtoto, nitamsuka. Hunitaki, mlango huo."

"Basi Rebeka..."

"Mimi nasuka upande wa kushoto," Rebeka akasema bila kuinua macho. "Wa kulia una mwenyewe."

Kristina alimshika binti mkono wakaondoka, na kitenge kile kipya kikapiga vumbi njia nzima. Mmoja mmoja waliokuwa benchini wakakumbuka kazi nyumbani. Emiliana aliendelea kusuka kichwa kilichobaki mpaka mwisho, kwa ustadi, akamtania mwenye kichwa na kumtoa mlangoni kwa kicheko. Kisha akaketi mkekani, mahali pa wateja, akalia kwa hasira. Alikuwa anajua amefanya sawa, na kujua hivyo hakukumsaidia kitu kwa wakati ule. Rebeka akaketi karibu naye.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama, Mathayo ameshazima mashine, waliposikia hodi. Alikuwa Kristina, peke yake. Safari hii aliingia. Akaurudisha mlango nyuma yake, akaanza kufungua kilemba chake kirefu, mzunguko baada ya mzunguko.

Chini yake kulikuwa na magamba ya manjano toka paji la uso hadi utosini. Nyuma ya masikio ngozi ilikuwa nyekundu, imepasuka. Na harufu ya mafuta ya alizeti ilijaa kibanda.

"Tangu Pasaka," Kristina akasema. Sauti ile ya mlangoni haikuwepo. "Napaka kama ulivyonipaka wewe. Napaka kila siku. Watu waliposema yako ni ngoma, nilikuwa najitazama kwenye kioo." Akagusa nyuma ya sikio. "Nilitaka useme huna, Emiliana. Ungesema tu huna, na mimi leo ningelala."

Hasira ya Emiliana ikakosa pa kukaa. Alinyanyuka, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamwinamisha kichwa kwenye mwanga wa mlangoni, na safari hii alitazama vizuri, njia kwa njia, kama daktari alivyomtazama yeye.

"Huu ni mba," akasema. "Nimekulishia mimi, na nitakuonyesha unavyoondolewa, dawa ipo. Wengi wenye huu hawana lingine lolote. Mafuta acha leo hii. Lakini wewe huwashwi na kichwa tu, Mama Jenipher. Hilo la pili nalo lina dawa yake, nayo ni kwenda kupima ukajua."

"Jenipher nitamleta kesho," Kristina akasema harakaharaka. "Mmsuke wote wawili." Kisha akashika kilemba chake magotini, akakikunja, akakikunjua. "Wewe ulipokwenda kupima, ulikwenda na nani?"

Hilo halikuwa la Emiliana kulijibu.

Rebeka alikuwa anafagia nywele sakafuni. Akaegemeza ufagio ukutani, akaifuta mikono yake kwenye khanga, akaja akasimama mbele ya Kristina.

"Jumatatu, harusi ikishapita, nipitie nyumbani asubuhi," akasema. "Nitakwenda na wewe mimi. Chumba chenyewe nakijua, na wauguzi wake nawajua kwa majina. Nachukua dawa pale mwaka wa kumi na moja huu."

Kristina alimtazama, macho yakashuka kwenye mikono yake, yakapanda tena usoni. Kisha akaunyoosha mkono wake, akaushika wa Rebeka, na hakuuachia.